Anayeshika Buli

Mimi nilizaliwa na pua ya kunusa mambo ya watu. Mama alikuwa akinifukuza kila shangazi alipokuja na habari, nami nilikuwa nikirudi kwa mlango wa nyuma. Nilipokua nikagundua kuna kazi ambayo serikali inakulipa uulize watu wanakula nini, wanalala vipi na kwa nini wamenuna. Inaitwa utafiti wa afya ya jamii. Mume wangu anasema ni umbea wa kusomea. Sijawahi kubishana naye, maana ni kweli.

Mwezi wa kumi ule tulikuwa tukichunguza matatizo ya ulaji kwa vijana wa Naryn, mji wa milimani: wanaojinyima chakula, wanaokula kisha wakajitapisha, wanaopanda mizani kila wakiamka kama vile wanakwenda kuuzwa kwa kilo. Ofisini kwetu Bishkek, mji mkuu, wapo walionicheka. Wakasema hayo ni mambo ya wasichana wa mjini wanaoshinda na simu. Huko milimani watu wanakula nyama ya kondoo, nani atajinyima? Mimi ni mzaliwa wa Naryn. Nikajua wanaosema hivyo hawajawahi kukaa humu baridi ikafunga njia, watu wakabaki wanatazamana.

Tulipita shuleni na chuoni, tukapima uzito, urefu na mapigo ya moyo, tukawapa vijana dodoso wajaze bila mwalimu kuchungulia. Swali moja tulilipenda kuliko yote, mimi na bosi wangu, Profesa Mederbek. Liliuliza: ni mara ngapi unakaa na familia yako chakula kikitengwa? Tulitarajia kwamba kijana anayekaa nao kila siku atakuwa salama zaidi, kwa kuwa mama yake atamwona anavyokula, na asipokula atajua.

Majibu yakaja miguu juu kichwa chini. Kwa wavulana yalikwenda kama tulivyotaka. Kwa wasichana, walioandika kwamba hawakosi hata siku moja, baadhi yao ndio waliokuwa wamekonda kupita wote, na mapigo yao yalinitisha.

Profesa akanipigia simu. “Burul, umechanganya mafaili.”

“Sijachanganya.”

“Basi watoto wamekudanganya.”

“Wote? Wamekutana wapi wakapanga?”

“Sasa wewe unasemaje?”

“Nasema kuna kitu sikijui,” nikamwambia, “na kitu nisichokijua kinaniwasha.”

Lakini nisijitie kwamba ni udadisi mtupu ulionipeleka nyumba za watu. Alikuwepo msichana mmoja, Ayperi, wa miaka kumi na sita. Nilimpima mwenyewe, shuleni. Nilipomshika mkono nilidhani nimeshika kijiko kilicholala nje. Mikono yake ilikuwa imeota vinyweleo laini kama vya kitoto kichanga, na mapigo yake yalikuwa ya mtu aliye katika usingizi mzito, ilhali amesimama mbele yangu anatabasamu, ananiuliza kama nimechoka. Moyo unaopiga hivyo unaweza kusimama bila kuaga. Alitakiwa kulazwa wiki ile ile, na bila mama yake kukubali, hospitali isingempokea.

Nikampigia mama yake, Gulsun. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa yangu.

“Eje,” akasema, maana kwetu mwanamke aliyekuzidi umri ni eje, dada mkubwa, hata kama unatamani kumrushia kiatu. “Binti yangu anakaa na sisi kila mlo. Wa kwanza kukaa, wa mwisho kuinuka. Ni mwembamba kama baba yake. Usimtie mtoto wangu ugonjwa, mwakani watu watakuja kumposa.”

“Nimempima moyo, Gulsun.”

“Na mimi nakula naye. Nani anamjua?”

Akakata simu. Nikafungua dodoso la Ayperi, nikakuta ameandika vile vile: kila siku. Mama na mtoto walikuwa na neno moja, na hakuna aliyesikika kama mwongo. Hapo ndipo nilipokosa raha kabisa. Mwongo ningemweza.

Nikaanza kuzunguka. Nilisema naenda kuhakiki majibu, na hilo lilikuwa kweli, ila nilitaka kuona kwa macho yangu hao wasichana wanakaaje. Aliyewahi kufanya utafiti wa nyumba kwa nyumba kwetu anajua adhabu yake. Huwezi kuuliza swali kabla ya chai. Huwezi kunywa chai bila mkate, siagi, malai, jamu ya aprikoti na rundo la boorsok, vile vimandazi vyetu vidogo. Ukisema una haraka, wanakusimamisha mlangoni na mkate, kwa kuwa mtu hatoki nyumbani kwa watu bila kuuonja. Nilitembea mji mzima tumbo likinichezacheza kama kiriba. Niliona wasichana wanakaa, wanazungumza, wanacheka. Sikuona kitu.

Kwa akina Ayperi nilifika bila kupiga simu. Mtu akifika mlangoni hafukuzwi, hata aliyekatiwa simu. Gulsun alinikaribisha kwa mdomo uliobana. Mama mkwe wake, Bibi Sayra, mzee aliyepungukiwa kidogo na masikio, akanipa nafasi ya heshima kwenye kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni, mbali na mlango. Baba wa nyumba na mwanawe mkubwa walikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi. Mke wa huyo mwana, Cholpon, ndiye kelin wa nyumba, mke aliyeolewa akaja kuishi kwa wakwe. Alikuwa amekaa katikati, amempakata mtoto wake. Na Ayperi alikaa upande wa mlango, samovari, lile birika kubwa la maji moto, ubavuni, buli mkononi.

“Mnaona, mgeni anakuja nasi ndio tunataka kula,” alisema Bibi Sayra. “Mwanangu, anayekuta chakula kimetengwa, mama mkwe wake anampenda.”

“Alikuwa hanipendi, bibi. Ni njaa tu.”

Wakacheka, hata Gulsun kidogo. Ayperi akaanza kumimina.

Kwetu chai hunywewa kwa bakuli, kila mtu na lake, na bakuli halijazwi. Ukimjazia mgeni bakuli pomoni umemwambia aondoke. Anayekuheshimu anakumiminia mafunda mawili matatu, unakunywa, unarudisha bakuli, anakumiminia tena. Kwa hiyo anayeshika buli hana nafasi. Maziwa kwanza, kisha majani yaliyokolea, kisha maji ya samovari, bakuli moja likitoka jingine linarudi. Nilikuwa nimekuja kumtazama msichana huyu anaingiza nini mdomoni, nikajikuta natazama mikono yake, yenye vidole vya buluu kwa baridi, maana ilikuwa haitulii. Alichukua boorsok, akaikata, nusu akampa mtoto. Akamsogezea bibi jamu. Akapaka siagi kipande cha mkate akakiweka mbele yangu. Akajifuta vidole kama mtu aliyeshiba.

Mtu asiyekodoa macho angeapa kwamba amekula. Mimi nilikodoa, na hakikuingia kitu.

Hata hivyo kilichonishtua si hicho. Kilichonishtua ni kelin. Nyumba ikiwa na kelin, binti hashiki buli. Ndiyo kazi ya kwanza anayokabidhiwa mke mpya, na wengi wetu tumeishika mpaka tukaichukia. Nilikuwa nimenywa mabakuli kadhaa kabla sijaliona jambo hilo, kwa sababu nimezoea kuletewa chai bila kumtazama anayeileta.

Nikamtania Cholpon. “Makelin wa siku hizi mmepata raha. Mimi nilimimina mpaka kiwiko kikapinda, wewe umekaa kama mama mkwe.”

Akaona haya mpaka masikioni. “Si mimi, eje. Wifi alininyang'anya.”

“Alikunyang'anya buli?”

“Nilipojifungua akaniambia, pumzika wifi, nitamimina mimi. Nikapumzika. Tangu hapo hanirudishii. Nikiamka mapema nikae pale, namkuta ameshakaa.”

“Mtoto ana huruma huyu,” alisema Bibi Sayra. “Majirani wananionea wivu. Wifi wa nani anafanya hivyo?”

“Si nilikwambia?” Gulsun akanitazama usoni. “Wa kwanza kukaa, wa mwisho kuinuka.”

Mtoto wa Cholpon alikuwa amekwisha kuota meno. Nikahesabu kichwani, nikamtazama Ayperi, naye akawahi kuinamisha macho kwenye samovari. Kwa nini mtu agombanie kazi ambayo kila mtu anaikimbia?

Na jibu likanijia hapo hapo, mkate ukiwa bado mdomoni. Anayemimina anakaa na wote, lakini hali na wote. Hakuna anayemwambia kula, kwa sababu kila mtu anamwambia nimiminie. Wasichana wangu walikuwa wameandika ukweli mtupu. Swali letu ndilo lililouliza kukaa, likasahau kula. Tulilitunga Bishkek, mimi na profesa, tukinywa chai, na binti aliyekuwa akituletea hiyo chai alikaa nasi asubuhi nzima bila yeyote kujua kama amekula. Siku hizi dodoso letu lina swali jingine: nyumbani kwenu, nani anashika buli?

Nilifurahi. Sitaki kudanganya, nilifurahi kama mtoto aliyeokota kitu, nikataka kutoka nje nimpigie Mederbek nimwambie mafaili yako haya. Halafu nikaviona tena vile vidole vya buluu juu ya mpini wa buli, furaha ikaniishia nikaionea haya. Nilikuwa na jibu la utafiti, na moyo ule ulikuwa bado unajikokota palepale mbele yangu.

Nikasema nataka kunawa mikono. Mgeni akitaka kunawa, mtoto wa nyumba ndiye anayemmwagia maji. Ayperi akachukua jagi na beseni, tukaenda ukumbi wa mlangoni, mahali pa viatu na makoti, penye baridi ya kutosha.

“Leo umekula nini?” nikamuuliza, mikono chini ya maji.

“Nimekula, eje. Si nimekaa nanyi?”

“Umekaa. Nimekuona ulivyokaa.”

Maji yakaendelea kumwagika. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kutakata zamani.

“Mwanangu, utanimwagia mto mzima?”

Akacheka, akainua jagi. Kicheko kikaisha njiani.

“Anayemimina haulizwi,” akasema. “Wifi alipokuwa anamimina, mama alikuwa ananiambia ongeza, kula nyama, mbona hujagusa. Kila siku. Nilikuwa nasikia sauti yake hata nikiwa shuleni. Nilipochukua buli akanyamaza. Wote wakanyamaza. Halafu wakaanza kunisifu.”

“Ukipanda ngazi za shule unajisikiaje?”

“Naona giza. Nasimama kidogo, linaondoka.”

“Moyo wako umechoka, Ayperi. Sikutishi, nakwambia nilichokisikia kwa vidole vyangu. Nataka ulale hospitali leo, si kesho.”

“Utamwambia mama?”

“Lazima ajue. Hilo siwezi kukufichia. Lakini sitaki kukuanika mbele ya bibi yako kama nguo. Chagua wewe: niseme mimi, au useme mwenyewe?”

Akaweka jagi chini, akanipa taulo.

“Nikitoa buli,” akaniuliza, “nitakaa wapi?”

Nimesoma sana katika maisha yangu, na nimewauliza watu maswali mpaka wakanichoka. Lile la Ayperi sijawahi kuliweka kwenye dodoso. Ningeweza kumwambia atakaa na sisi, popote, nyumba ni yenu. Lakini angejua ni maneno ya kumtuliza.

“Sijui,” nikasema. “Twende tukaone.”

Tukarudi. Akakaa pale pale, ubavuni mwa samovari. Bibi Sayra akamnyooshea bakuli, akalipokea, akamimina. Nikamnyooshea langu, nalo akalimimina. Nikaanza kupanga maneno nitakayomwambia Gulsun, na namna nitakavyomtoa nje bila mama mkwe kushtuka, na jinsi msichana huyu atakavyonichukia.

Gulsun naye akanyoosha bakuli lake, huku anamfuta mtoto makamasi. Halikupokelewa. Akageuka kuangalia kuna nini.

Ayperi alikuwa amelishika buli kwa mikono miwili. Akalipitisha juu ya jamu na siagi, akaliweka mbele ya Cholpon.

“Wifi,” akasema, “na mimi nimiminie.”

“Leo kumekucha,” alisema Cholpon, akamweka mtoto chini, akakunja mikono ya gauni kwa furaha. “Haya, lete bakuli.”

Ayperi hakuleta bakuli. Cholpon akatazama mbele yake, akatazama nyuma ya samovari, akainua upindo wa kitambaa cha chakula.

“Bakuli lake liko wapi?”

“Angalia chini ya mkate,” alisema Bibi Sayra.

“Hapana, bibi.”

“Si lile la maua ya buluu?” alisema Gulsun.

“La maua ya buluu ni la bibi, mama.”

“Basi lile lenye ufa.”

“Lenye ufa ni langu,” alisema Cholpon.

Gulsun akaanza kulitafuta mwenyewe. Akayasogeza mabakuli moja moja kama anayepanga karata. La mama mkwe, la kelin, lake, langu la mgeni. Akageukia kabati ya vioo, na pale lilikuwepo bakuli la mumewe, limefunikwa vizuri, linamngoja arudi kutoka Urusi, na la mwanawe pembeni yake. Aliyekuwa Urusi alikuwa na bakuli. Nilimwona Gulsun analitazama bakuli hilo, kisha anamtazama binti yake, kisha analitazama tena, na mdomo wake uliobana tangu nilipofika ukaanza kulegea.

“Ayperi,” akasema kwa sauti ya chini. “Huwa unanywea nini?”

“Huwa sinywi, mama.”

“Na kula?”

Ayperi akatikisa kichwa.

“Amesema nini?” aliuliza Bibi Sayra. Mtoto akachukua boorsok akaigonga sakafuni.

Gulsun aliinuka. Nilidhani atanigeukia mimi, na nilikuwa tayari kupokea matusi. Ningekuwa yeye ningetukana. Alifungua kabati, akatoa bakuli la mumewe, akalifuta kwa upindo wa nguo yake, akalifuta tena ingawa lilikuwa safi, akaliweka mbele ya binti. Cholpon akamimina mafunda mawili, maziwa kwanza, kwa heshima, kama anavyomiminiwa mgeni. Chai kidogo ikamwagikia kitambaa.

Ayperi akalishika bakuli kwa viganja vyote viwili. Hakunywa. Alikuwa anajipasha moto. Mama yake akachuchumaa karibu naye, akashika kifundo cha mkono wake, akakizungusha taratibu kama kitu anachokiona dukani mara ya kwanza. Akaviona vile vinyweleo. Vidole vyake vikazunguka kifundo vikakutana, vikapitana.

“Eje,” akasema bila kunitazama. “Hospitali wanapokea mpaka saa ngapi?”

“Wewe vaa koti,” nikasema. “Nitawapigia njiani.”

Kulikuwa na pilikapilika kidogo. Cholpon akaenda kutafuta soksi za sufu. Gulsun akavaa koti juu ya nguo ya jikoni, akasahau kufunga vifungo. Ayperi akataka kukusanya mabakuli ayaoshe kwanza, Cholpon akamwambia, “Wifi, ukigusa hata moja nitakuuma,” na msichana akasimama pale mikono inaning'inia, hajui aipeleke wapi.

Tulipofika mlangoni, Bibi Sayra akatukimbilia na mkate. Hakuwa amesikia nusu ya mambo, lakini alijua watu wanatoka, na watu hawatoki hivi hivi.

“Onjeni, onjeni, mtakwendaje?”

Nikamega nikala. Gulsun akamega akala, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. Bibi akamsogezea mjukuu wake. Ayperi akanyofoa kipunje kisichozidi dengu, akakipeleka karibu na mdomo, mkono ukashuka na kipunje kikabaki kiganjani, akakifumbata. Alifanya haraka na vizuri, kama alivyozoea kufanya.

Mama yake alikuwa anamtazama mkono. Hakumwambia kula. Aliushika ule mkono uliofumba, mkate ukiwa ndani yake, wakatoka nao hivyo mpaka kwenye gari.